Kufunga blaindi za dirisha mwenyewe: mwongozo kwa nyumba za tofali na lenta

Blaindi nyingi zinazokaa vibaya madirishani hazikuharibiwa na drili. Ziliharibika mapema, pale mtu alipopima dirisha mara moja tu, katikati, kisha akapiga simu dukani na kutaja namba. Kutoboa na kukaza skrubu ni kazi ndogo ukishajua ukuta wako ukoje. Kupima na kuamua ndiko kunakotaka utulivu, maana blaindi ikishakatwa kwa vipimo ulivyotoa, duka halina pa kuipeleka tena, na wewe pia huna.

Nitazungumzia nyumba kama hizi zetu za Dar es Salaam: kuta za tofali za saruji, lenta ya zege juu ya madirisha, dirisha la aluminiamu la kuteleza lenye wavu wa mbu, na mara nyingi grili upande wa ndani. Mwenye madirisha ya chuma yanayofunguka kwa nje, kama yalivyo mengi ya Kenya, atakuta sehemu kubwa inamhusu vilevile, isipokuwa vile vipini vinavyochomoza ndani, ambavyo nitavigusa. Na blaindi nitakayoifuata hatua kwa hatua ni ya rola, ile ya kitambaa kinachojiviringisha kwenye bomba na kuvutwa kwa mnyororo wa shanga, kwa kuwa ndiyo watu wanayoinunua zaidi, pamoja na ndugu yake zebra, yenye mistari mizito na myepesi inayopishana. Za vibao na za wima nitazipitia mwishoni.

Kwanza jua na hewa, halafu rangi

Ukiingia dukani macho yanakimbilia rangi. Anza na swali lingine: dirisha hili linaangalia wapi, na chumba hiki kinapata wapi hewa?

Dar es Salaam ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua la saa sita mchana halikai mbali na utosi, kwa hiyo upenu wa kawaida unatosha kulizuia kwa sehemu kubwa ya mwaka. Ukuta wa kaskazini hupata jua zaidi kuelekea Juni, wa kusini kuelekea Desemba, lakini si kwa ukali wa kutisha. Dirisha linaloteseka ni la magharibi. Kuanzia saa tisa alasiri jua linashuka, linapita chini ya upenu na kuingia hadi katikati ya chumba. La mashariki nalo hupata asubuhi, ila asubuhi nyumba bado ina ubaridi wa usiku. Kama fedha inatosha blaindi nzito moja tu, ipeleke dirisha la magharibi.

Kwa dirisha hilo chukua kitambaa kizito kisichopitisha mwanga, chenye mgongo mweupe au wa rangi ya fedha unaotazama kioo. Mgongo mweupe unarudisha sehemu ya mwanga nje kabla haujageuka joto. Kitambaa cheusi pande zote mbili kitakupa giza, lakini kitaota joto chenyewe kisha kikurudishie chumbani. Na tuseme ukweli: blaindi ya ndani inapunguza joto, haiwezi kulimaliza, kwa sababu jua limeshapita kwenye kioo. Mti au kivuli cha nje kinashinda blaindi yoyote.

Halafu hewa. Hili watu wengi wanalisahau, na linaniumiza nikiona chumba cha watoto kimefungwa blaindi nzito hakina kiyoyozi. Rola ikishushwa hadi chini, upepo haupiti. Usiku wa Februari hutaweza kulala. Chumba kinachotegemea dirisha kifungie blaindi ya vibao, ambavyo unaviinamisha ili wa nje asione ndani na upepo uendelee kupita, au rola itakayoshushwa mchana na kupandishwa usiku, pembeni kukiwa na pazia jepesi. Wajenzi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar walilijua hilo, ndiyo maana madirisha mengi ya pale yana milango ya vibao vilivyoinama: kivuli unakipata, hewa huikosi.

Anayeishi karibu na bahari, Kigamboni au Mbezi Beach, aangalie pia chuma. Chumvi ya hewani inakula skrubu na mnyororo wa chuma cha kawaida, na michirizi ya kutu hushuka ukutani. Omba mnyororo wa plastiki au wa chuma kisichoshika kutu, na skrubu za aina hiyohiyo. Vibao vya mbao halisi navyo hupinda kwenye unyevu wa pwani, hasa jikoni na bafuni. Kule weka vya aluminiamu au vya plastiki.

Ndani ya uwazi au juu ya ukuta?

Blaindi inaweza kukaa ndani ya uwazi wa dirisha, kati ya kuta mbili za pembeni, au juu ya uso wa ukuta ikifunika uwazi wote. Ya ndani inapendeza zaidi na haichukui nafasi. Lakini uwazi wa dirisha zetu mara nyingi hauikubali.

Chukua tepu, pima kina: kutoka uso wa ukuta wa ndani hadi kwenye kitu cha kwanza utakachogota. Usipime hadi kioo. Cha kwanza kugota huwa ni grili, au kipini cha dirisha, au fremu ya wavu. Rola ya kawaida inataka kama sentimita 7 ili ikae yote ndani bila kuchomoza, na zebra yenye boksi la juu inataka zaidi ya hapo. Grili ikiwa imefungwa karibu na uso wa ukuta, ukabaki na sentimita 3 au 4, jambo limekwisha, blaindi yako ni ya juu ya ukuta.

Pima pia pembe. Vuta tepu kutoka kona ya juu kushoto hadi kona ya chini kulia, kisha kinyume chake. Namba mbili hizo zikitofautiana kwa zaidi ya sentimita moja, uwazi wako umekwenda upande. Blaindi yenyewe itakuwa imenyooka, na ndani ya uwazi uliopinda itaonyesha upindaji huo kwa kila anayeingia. Ya juu ya ukuta itauficha.

Kwa chumba cha kulala mimi nashauri ya juu ya ukuta hata kama kina kinatosha, na sababu utaiona kwenye vipimo.

Kupima

Tumia tepu ya chuma. Ile ya fundi cherehani inavutika. Andika kwa sentimita zenye nukta, usikisie, na usichukue vipimo vya fundi aliyetengeneza dirisha. Yeye husema futi tano, na futi tano ni sentimita 152.4. Mtu akiandika 150 dukani kwa kuwa ni namba rahisi, ameshapoteza zaidi ya sentimita mbili kabla kazi haijaanza. Tena dirisha la futi tano likishapigwa plasta na skimu (ule mpako laini wa mwisho) pembeni si futi tano tena.

Kwa blaindi ya ndani, pima upana sehemu tatu: juu, katikati, chini. Tuseme umepata 152.1, kisha 151.6, kisha 151.9. Namba yako ni ndogo kuliko zote, 151.6. Punguza sentimita moja ili vyuma vya pembeni viingie bila kukwaruza plasta: 150.6. Urefu nao upime sehemu tatu, lakini hapo chukua mkubwa, ili kitambaa kifike chini.

Sasa sikiliza kwa makini hapa. Mwulize muuzaji: "Hii namba mtaikata hivihivi, au mtapunguza tena?" Maduka mengine huomba kipimo cha uwazi na kupunguza wenyewe. Mengine hukata kama ulivyoandika. Ukipunguza wewe na wao wakapunguza, blaindi inarudi ina pengo kila upande. Andika kwenye oda kwa maneno kamili: "upana wa uwazi" au "upana wa blaindi, ncha hadi ncha".

Na jua kwamba kitambaa chenyewe ni chembamba kuliko blaindi nzima. Upande wa mnyororo na upande wa pili, wenye pini ya kushikilia bomba, huchukua nafasi, kwa kawaida kama sentimita 3 zikijumlishwa. Katika mfano wetu kitambaa kitakuwa na 147.6 hivi ndani ya uwazi wa 151.6, na mwanga utapenya kama sentimita 2 kila upande. Sebuleni haidhuru. Kwa mtu anayefanya kazi usiku na kulala mchana, mistari miwili ya jua la saa nne ni mateso, na ndiyo sababu niliyoitaja ya kufunga juu ya ukuta.

Kwa blaindi ya juu ya ukuta, hesabu inageuka, hapa unaongeza. Ongeza sentimita 10 kila upande, 10 juu na 10 chini. Uwazi wa 152 kwa 122 unazaa blaindi ya 172 kwa 142, ambayo ni mita za mraba 2.44, na maduka mengi huuza kwa mita ya mraba, kwa hiyo fanya hesabu hiyo nyumbani ili usishangazwe na bei. Kabla ya kuongeza, angalia kilicho pembeni: swichi, soketi, bomba la kiyoyozi, mlango wa kabati. Angalia na juu pia. Kwenye nyumba nyingi dari ipo mbali na lenta, lakini penye ukanda wa jipsamu ulioshushwa kuficha fimbo za pazia, huenda nafasi ya sentimita 10 haipo.

Mambo mawili ya mwisho ya kumwambia muuzaji. La kwanza, mnyororo ukae kulia au kushoto. Chagua upande usio na kitanda wala kochi. La pili, kitambaa kishuke nyuma ya bomba au mbele yake. Kwa kawaida kinashuka nyuma, karibu na kioo, na hivyo kinaziba mwanga vizuri. Penye vipini vinavyochomoza, agiza kishuke mbele, kitapata nafasi ya kupita bila kukwama.

Dirisha likizidi mita mbili na nusu, agiza blaindi mbili. Bomba refu hulegea katikati na kitambaa kikafanya mikunjo ya mshazari ambayo haiondoki.

Vifaa

Drili yenye mpigo wa nyundo ndiyo ya lazima. Ile isiyo na mpigo itatoboa plasta, ikifika kwenye zege la lenta itazunguka papo hapo hadi biti ibadilike rangi kwa moto. Kama huna, azima au kodi kwa siku moja kwa fundi wa mtaani. Nunua biti mpya ya zege ya milimita 6, fisha za milimita 6 (vile vidude vya plastiki vinavyoingia kwenye tundu ili skrubu ishike), na skrubu zenye unene wa milimita 4 hadi 4.5 na urefu wa milimita 50. Skrubu zinazokuja ndani ya boksi la blaindi mara nyingi ni fupi na laini, kichwa chake kinafutika ukikaza kwa nguvu. Ziache.

Mengine ni ya kawaida: tepu ya chuma, penseli, bisibisi ya nyota, ngazi isiyoyumba, pima maji. Asiye na pima maji achukue mpira mwembamba unaoonyesha ndani, aujaze maji kama wafanyavyo waashi, usawa wa maji ncha mbili ni sahihi kuliko jicho. Miwani ya kinga usiiache, kwa sababu utakuwa unatoboa juu ya uso wako na mchanga wa zege unaangukia machoni. Barakoa pia.

Na mtu wa pili. Blaindi ya mita moja na nusu haishikiki na mkono mmoja huku mwingine ukiandika alama.

Kuweka alama

Fungua boksi, utoe vile vyuma viwili vya kushikilia, ambavyo mafundi huviita braketi. Kimoja ni cha upande wa mnyororo, kingine cha upande wa pini. Vitofautishe sasa, maana vikibadilishana itabidi utoboe upya.

Usitegemee kipimo ulichoagiza. Pima blaindi yenyewe iliyo mkononi, ncha hadi ncha, kisha uitandaze chini pamoja na braketi zake zote mbili zikiwa zimevalishwa, na upime umbali kati ya tundu la skrubu la braketi moja na lile la nyingine. Umbali huo ndio utakaouhamishia ukutani. Tafuta katikati ya dirisha, gawanya umbali kwa mbili, weka alama ya upande mmoja tu.

Toboa na ufunge braketi hiyo moja kwanza. Kisha mweke mwenzako ashike ncha ya pili ya blaindi ikiwa imekaa kwenye braketi ya kwanza, weka pima maji juu ya bomba, pandisha au shusha hadi kiputo kitulie katikati, na hapo ndipo uweke alama ya pili. Ukiweka alama zote mbili kwa kupima kutoka darini, utakuwa umefuata upindaji wa dari, na dari zetu chache zimenyooka. Usawa huu si urembo tu. Rola iliyoinama hujiviringisha kuelekea upande mmoja, na ukingo wa kitambaa utakwaruzana na braketi hadi uchanike nyuzi.

Kutoboa lenta

Kabla ya drili, soma ukuta. Nyaya za umeme zimelazwa ndani ya mabomba yaliyofukiwa kwenye plasta, na kwa kawaida hupanda wima kutoka kwenye swichi au soketi hadi darini. Swichi ikiwa karibu na dirisha, ukanda wa ukuta ulio juu yake usiuguse. Vivyo hivyo kwa soketi ya kiyoyozi. Penye mashaka, zima saketi ya chumba hicho kwenye boksi la umeme na utumie drili ya betri.

Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Plasta iliyoachana na ukuta inalia utupu. Hapo fisha haitashika hata ukiiweka ndefu, sogea.

Halafu elewa unachotoboa. Sentimita moja na nusu hadi mbili za kwanza ni plasta, na plasta haibebi kitu. Fisha ikiishia humo, blaindi itakaa wiki chache, kisha siku moja mtoto atauvuta mnyororo na yote itashuka na kipande cha ukuta. Fisha lazima izame ndani ya zege au tofali lililo nyuma ya plasta. Funga kipande cha tepu kwenye biti kuonyesha kina cha sentimita 5 na nusu, ukifika hapo unasimama.

Bandika vipande viwili vya tepu ya karatasi kwa alama ya msalaba juu ya sehemu ya kutoboa, vinaizuia biti isiteleze na plasta isimeguke pembeni. Anza polepole bila mpigo wa nyundo hadi biti ishike njia. Kisha washa mpigo, simama wima nyuma ya drili, isukume kwa uzito wa mwili bila kuilazimisha. Kila baada ya sekunde chache itoe nje ikiwa inazunguka ili ivute vumbi. Vumbi la skimu ni jeupe na laini kama unga, la plasta ya saruji na la zege yote ni ya kijivu, kwa hiyo usitegemee rangi kujua kama umeshavuka plasta, fuata alama ya kina kwenye biti.

Biti ikigoma ghafla na mlio ukawa wa chuma kwa chuma, umegota nondo ya lenta. Acha. Nondo haitoboki kwa biti ya zege, utaunguza ncha yake tu. Sogeza tundu sentimita 2 au 3 juu au chini. Jambo hili huwapata zaidi wanaofunga ndani ya uwazi na kutoboa kuelekea juu, chini ya tumbo la lenta, kwa sababu nondo kuu za lenta hulazwa karibu na tumbo hilo. Kwa blaindi ya ndani ni afadhali kufunga braketi kwenye kuta za pembeni kama blaindi yako inaruhusu, kule utakutana na tofali.

Tundu likishafika kina, lipulize kwa mpira mwembamba au pampu ya baiskeli, uso ukiwa umeugeuza. Vumbi likibaki ndani, fisha haiingii yote. Igonge kwa nyundo taratibu hadi ilingane na ukuta, kisha itangulize kidogo ndani kwa kutumia skrubu yenyewe ili ivuke plasta.

Tundu likipanuka, fisha ikawa inacheza, badilisha iwe ya milimita 8 na skrubu nene zaidi. Kushindilia vijiti vya kiberiti kunaonekana kumaliza tatizo, lakini vijiti hukauka na kulegea.

Penye dari au ukanda wa jipsamu, fisha ya kawaida ni kazi bure. Lazima skrubu ikute mbao au chuma kilichobeba jipsamu. Tafuta kwa sumaku ndogo: ipitishe polepole juu ya dari, itanasa kwenye vichwa vya skrubu vilivyofichwa chini ya skimu. Ukikuta vitatu vimejipanga mstari mmoja, mbao iko hapo. Skrubu moja kwa moja kwenye mbao hiyo, bila fisha.

Fremu ya aluminiamu usiitoboe. Skrubu inaweza kuzuia dirisha lisiteleze, au kufungua njia ya maji ya mvua. Na mpangaji amwombe mwenye nyumba ruhusa kabla ya tundu la kwanza. Gundi za kubandika, kwa joto na unyevu wa pwani, haziaminiki kubeba blaindi inayovutwa kila siku.

Kuning'iniza

Sehemu hii ni fupi. Kaza braketi zote mbili hadi zisitikisike. Ingiza kwanza upande wa mnyororo hadi usikie umenasa, kisha bonyeza pini ya upande wa pili, iachie iingie kwenye tundu lake. Shusha kitambaa chote, kipandishe, shusha tena. Vuta blaindi kwa mkono kuelekea chini kwa nguvu ya kiasi. Kama kuna kitu kitaachia, kiachie sasa ukiwa umesimama hapo.

Weka vile vipande viwili vya plastiki vya kuzuia mnyororo mahali ambapo kitambaa kinafika chini na juu kabisa. Bila hivyo, mtu ataendelea kuvuta hadi kitambaa kijiviringishe kinyume.

Kitambaa kikiwa kinakimbilia upande mmoja kila kikipanda, rudia pima maji kwanza. Usawa ukiwa sahihi na bado kinakimbia, kishushe chote hadi bomba lionekane, bandika kipande kifupi cha tepu ya karatasi juu ya bomba kwenye upande ule ambao kitambaa kinaukimbia, kisha ujaribu. Kinakimbilia kushoto, tepu kulia. Ongeza kipande cha pili kama kimoja hakikutosha.

Mnyororo na watoto

Hapa naomba usiruke hata mstari. Mnyororo wa blaindi ni kitanzi, na mtoto anayejifunza kutembea anaweza kuingiza shingo humo akiwa anacheza, akateleza, na akanyongwa ndani ya dakika chache bila kutoa sauti. Imetokea katika nchi nyingi, ndani ya nyumba ambazo watu wazima walikuwa chumba cha pili. Ndiyo sababu kanuni za Ulaya zinataka kitanzi kisishuke chini ya mita 1.5 kutoka sakafuni, na Marekani, tangu mwishoni mwa 2018, kiwango cha watengenezaji kinataka blaindi zinazouzwa tayari rafuni zisiwe na kamba inayofikiwa na mtoto. Kwetu blaindi zenye mnyororo mrefu huru bado zinauzwa kila mahali, kwa hiyo mlinzi ni wewe.

Ndani ya boksi kuna kipande kidogo cha plastiki chenye tundu na gurudumu au ndoano, ambacho watu wengi hukitupa pamoja na karatasi. Hicho ndicho cha kukaza mnyororo. Kipitishe kwenye mnyororo, vuta chini hadi mnyororo ukaze kabisa, weka alama, toboa, kifunge ukutani kwa fisha na skrubu kama ulivyofunga braketi. Mnyororo ukikazwa hivyo hauachi nafasi ya kichwa kupita, na blaindi inavutika vizuri zaidi. Kama hakimo, rudi dukani na risiti yako ukakidai, au agiza mnyororo mfupi.

Kisha tazama fanicha. Kitanda cha mtoto, kochi, meza, stuli, chochote kinachopandika kisikae chini ya mnyororo. Kwa chumba cha mtoto mdogo, kama bei inaruhusu, nunua blaindi isiyo na mnyororo kabisa, ile unayoisukuma na kuivuta kwa fimbo ya chini.

Za vibao na za wima

Blaindi za vibao huja na braketi za umbo la boksi zenye kimlango cha mbele. Unazifunga mbili, unaingiza reli ya juu, unafunga vimlango. Zikizidi kama mita 1.2 huwa na braketi ya tatu ya katikati. Usiiache, vibao ni vizito na reli itapinda. Kamba zake za kuvutia zikiwa zimeunganishwa mwishoni kama kitanzi, kata kiungo hicho ili zibaki nyuzi mbili tofauti, na ufunge ndoano ya kuzizungushia ukutani juu, zaidi ya mita 1.5. Vibao vya zamani vya plastiki vya mitumba kutoka nje sivishauri. Mwaka 1996 tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilionya kwamba baadhi ya blaindi za plastiki zilizoingizwa nchini humo zilikuwa na madini ya risasi, na jua likizila hutoa vumbi lenye sumu hiyo.

Za wima, zile za vipande virefu vinavyoning'inia kama za maofisini, zinafaa milango mikubwa ya vioo. Reli yake lazima ikae sawasawa kabisa, na klipu zake zigawanywe kwa umbali ulio sawa. Dirisha linalopokea upepo wa kusi moja kwa moja lisiwekewe hizi, vipande vitapigana mchana kutwa na kung'oka mmoja mmoja.

Usafi ni wa brashi laini au kitambaa kikavu. Kitambaa kizito chenye mgongo usikiloweke, mgongo utabanduka. Baada ya wiki moja ya matumizi panda tena ngazi na bisibisi, kaza skrubu zote robo mzunguko. Na kabla hujatupa boksi, andika vipimo vya kila dirisha kwa kalamu isiyofutika juu ya bomba, upande wa ukutani, pamoja na upande wa mnyororo. Siku kitambaa kikichoka, utaagiza kingine bila kupima upya.